Kilio Kilichokatwa Jina

Willis Odero ana umri wa kuwa babu, lakini hadi mwaka juzi ungemkuta kila Jumapili alasiri ameketi mlangoni pake hapa Kaloleni, Nairobi, koti la wachezaji wa Marekani limemfika mapajani, hedifoni masikioni, kichwa kinakwenda mbele na nyuma kama cha kuku anayetafuta punje. Mimi nakaa mlango wa tatu kutoka kwake. Nimemjua tangu hajang'oka meno ya utoto. Baba yake tulifanya kazi pamoja katika karakana ya reli, yeye akipaka grisi, mimi nikipanga vipuri, na ni baba yake aliyekuwa akinicheka kwa kwenda maktaba kila nitokapo kazini, akisema mtu aliyeacha shule darasa la sita hana sababu ya kuirudia kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo habari za nyumba ile siandiki za kusikia.

Kitu alichokipenda Willis maishani, kuliko chakula, kuliko hata wanawake wawili waliojaribu kuishi naye wakachoka, ni hip hop ya zamani. Si hii ya siku hizi, angekwambia, akikunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. Ile iliyofika Eastlands kwa kanda za kaseti zilizonakiliwa mara nyingi mpaka sauti ikawa kama inatoka chini ya maji. Alipokuwa kijana alitembea kwa miguu mpaka Eastleigh kuazima kanda moja, akairudisha kesho yake ameshainakili. Kiingereza cha vijana weusi wa New York alikijua kabla ya kile cha shuleni. Mama yake, Elsie, aliuliza siku moja kwa nini hao watu wanagombana hivyo bila kupumzika, na kama kwao hakuna mzee wa kuwaamua.

Mimi sikuupenda muziki huo na siupendi leo. Nilikulia wakati ambapo Jumamosi ukumbi wetu wa Kaloleni ulijaa wanaume waliopiga pasi suruali zao kwa makaa, na mpiga gitaa akikosea uzi mmoja watu waliguna pamoja. Kilichochezwa kilichezwa na mtu mwenye vidole, aliyekuwa mbele yako akitoka jasho. Kumsikia mtu akifoka juu ya ngoma asiyoipiga mwenyewe kulikuwa kwangu sawa na kumwona mtu amevaa kofia ya kuazima halafu anadai asalimiwe kwanza.

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja katika wazimu wa Willis ambalo lilinifanya nisimdharau. Ngoma zile, alinieleza, zilikatwa. Fundi wa Marekani alichukua santuri ya zamani, ya mwimbaji wa kanisa au ya mpiga tarumbeta aliyekufa maskini, akakata kipande kidogo cha sauti, pengine urefu wa pumzi moja, akakizungusha tena na tena mpaka kikawa mdundo wa wimbo mpya. Kipande hicho ndicho sampuli. Willis alijua kila sampuli ilikotoka. Alinikalisha, akanichezea santuri ya zamani, kisha akanichezea wimbo uliozaliwa nayo.

"Huyu ndiye baba," alisema. "Na huyu ndiye mtoto. Sikiliza pua, Mzee Walter. Si pua ni moja?"

Hakukuruhusu usifu wimbo ambao hukujua baba yake. Hilo nililielewa. Kwetu magharibi mwa Kenya mtu hasemi jina lake peke yake. Husema ni mwana wa nani, mjukuu wa nani, ndipo apewe kiti. Vijana wa hapa mtaani ukimuuliza mmoja jina la babu yake anatazama simu. Willis, pamoja na koti lake la ajabu, alikuwa angali anauliza baba wa kila kitu ni nani.

Mchana alifanya kazi Industrial Area, katika kiwanda cha vyombo vya plastiki, akikagua mabeseni kama yana nyufa. Akirudi, alikaa mbele ya kompyuta yake akioanisha nyimbo: mfokaji wa Marekani juu ya gitaa la benga la wazee wetu, au kwaya ya Kisumu juu ya ngoma za Bronx. Aliita kazi hiyo mseto, kama ule wa mchele na ndengu. Aliitia mitandaoni, ikasikilizwa na wanaume wachache wa rika lake wenye vitambi, wakaandikiana sifa, yakaisha.

Sasa nije kwa Perez, ambaye mtaa wote unamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Yeye na Elsie waliletwa Kaloleni na waume zao wakiwa wasichana wa kuona haya, wakachota maji bomba moja, wakazika waume zao mwaka mmoja. Perez ana kipaji ambacho zamani kila mtaa ulikuwa na mwenye nacho. Akifa mtu wetu hapa Nairobi, maiti hutolewa mochari asubuhi, huletwa uani kwanza majirani wamuage, ndipo gari liondoke kwenda naye nyumbani magharibi. Hapo ndipo Perez alipokuwa akitoka mlangoni pake. Alimlilia marehemu kwa wimbo alioutunga papo hapo amesimama. Alimwita kwa jina la baba yake na babu yake, akataja kazi yake, ukaidi wake, hata deni la mzaha alilokufa nalo, na watu waliokuja kwa kutimiza wajibu tu wakajikuta wanajifuta macho kwa mikono ya mashati.

Wimbo huo hakuurudia kamwe. Ulikuwa wa mtu mmoja na uliondoka naye. Vijana wakimwomba awaimbie kidogo ule wa fulani, aliwatazama kana kwamba wamemwomba aingie kaburini ajipime. Kwetu mtu halii kilio cha msiba pasipo maiti. Anayelia bure anaita kifo. Hilo halikuwa likifundishwa, maana tulidhani kila mtu huzaliwa akilijua.

Yeye na Elsie walikuwa na mapatano kwamba atakayetangulia ataimbiwa na mwenzake. Elsie hakuwa na sauti hata ya kufukuza mbuzi. "Ukitangulia wewe, Perez," alikuwa akisema, "mimi nitakupigia makofi tu. Utavumilia." Nao walicheka mpaka wakashikana mabega.

Yaliyotokea yalianza na kifo cha Naftaly, fundi mstaafu wa mabomba ya maji, mtu mwema mwenye sauti ndogo. Perez alitoka akamlilia vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Aliyataja mabomba aliyoyaziba mvuani, akamuuliza, "Naftaly wuod Ochola, idhi kanye?" Naftaly mwana wa Ochola, unakwenda wapi? Akauliza tena na tena, kila mara akiteremka chini zaidi, mpaka swali likawa kama la mtoto anayeachwa nyumbani. Nilimwona Willis analia. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Ninasema hivyo kwa sababu baadaye kuna waliosema vingine. Lakini simu yake ilikuwa katika mfuko wa shati, na ilikuwa inarekodi.

Akaenda nayo kwenye kompyuta. Akatafuta ngoma nzito ya zamani ya Marekani, akaiweka chini ya sauti ya Perez. Akaona jina la marehemu ni refu. Naftaly wuod Ochola halikukaa kwenye mdundo. Kila lilipokuja, ngoma ilikuwa imeshatangulia. Basi akalikata. Akabakiza idhi kanye, akaizungusha. Mtu asiyekubali wimbo usio na baba alimtoa maiti katika kilio chake mwenyewe kwa sababu hakutoshea.

Hakuniletea niusikie, yeye ambaye huniletea kila upuuzi. Baadaye nilijiambia kwamba moyo wake ulikuwa umeshamnong'oneza. Alipouweka mtandaoni, alidhani utasikilizwa na wale wenye vitambi. Ukasikilizwa na watoto wa nchi nzima. Kuna msichana aliyeubunia mchezo: sauti ikiuliza unakwenda wapi, mchezaji anashika kifua, anayumba, anaanguka chali miguu juu kama mtu aliyekata roho. Kwa siku chache ukawa kila mahali, vinyozini, madukani, kwenye magari ya abiria yanayopita Jogoo Road. Willis alitembea akiwa na shingo ndefu. Maisha yake yote alikuwa amesifu kazi za watu wengine, na sasa watu walikuwa wanaisifu yake.

Perez hana simu ya kuonyesha picha. Alikuwa wa mwisho kujua. Ilikuwa Jumamosi mchana. Shiru, msichana anayekaanga chipsi karibu na ukumbi, alikuwa ameweka spika juu ya kabati lake la vioo, na watoto wamejaa mbele yake wakicheza. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kivuli cha duka jirani. Perez akatoka kwake anakimbia, jinsi mwanamke wa umri wake anavyoweza kukimbia, leso ameikaza kiunoni, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Shiru alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha upendo. "Hakuna mtu amekufa, Dani. Hii ni ngoma. Umekuwa staa na hata hujui."

"Nani huyo analia?"

"Si ni wewe, Dani. Willis amekuweka kwa mdundo. Hebu mwonyesheni Dani vile mnafanya."

Watoto wakamwonyesha. Wakashika vifua, wakayumba, wakaanguka vumbini kwa kelele za furaha. Perez aliwatazama mpaka wakainuka wote wakajikung'uta. Kisha akamwomba Shiru auanze upya. Nilidhani anataka kuhakikisha kama sauti ni yake. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kiganja juu ya kabati, mafuta yakichemka kando yake, na ulipokwisha akaomba tena. Ndipo nikajua kwamba kuna kitu anakitafuta.

"Naftaly yuko wapi?" akasema. "Nilimwita. Wamempeleka wapi?"

Shiru alinyoosha mkono juu ya kabati. Alizima spika. Perez akarudi nyumbani polepole akichagua pa kukanyaga kwa ule mguu usio na kiatu, na watoto, ambao hawakujua walilolitenda, wakamwimbia nyuma yake ili kumfurahisha.

Elsie aliposikia, alimwambia mwanawe aende akaombe radhi, na mtu haendi bila msindikizaji kuomba radhi kwa mwanamke aliye kama mama yake, basi Willis akanichukua mimi. Alibeba mkate na sukari. Njiani alikuwa bado ana maneno mengi. Ilikuwa aibu iliyotanguliwa na kiburi, kama mbwa anayebweka huku anarudi nyuma. Perez alitukaribisha, akatupangusia viti. Willis akaanza kueleza habari za Marekani, jinsi wale mafundi walivyozitoa sauti za wazee wao kwenye masanduku ya santuri zilizosahaulika.

"Ni heshima, Mama," alisema. "Unachukua sauti ya mzee ili isipotee."

"Huyo mzee wa Marekani," Perez akauliza, "alikuwa analilia maiti?"

"Hapana, Mama. Alikuwa anaimba tu."

"Aliimba ili watu wamsikie."

"Ndiyo."

"Basi wamsikie. Mimi sikuwa naimbia watu. Nilikuwa nazungumza na Naftaly. Nyinyi mlikuwa mmesimama karibu tu."

Hakuurudisha mkate, maana si mtu wa kukosa adabu. Aliukata, akaupaka siagi, akatumiminia chai, nasi tukala na kunywa. Ninaamini kipande kile cha mkate kilimchoma Willis kuliko tusi lolote. Alikitafuna kwa muda mrefu sana.

Jioni hiyohiyo aliuondoa wimbo mtandaoni. Lakini ulikuwa umeshazaa. Kijana mmoja wa Eastleigh alikuwa ameuongeza kasi. Mwingine ameutia kicheko. Wa Mukuru kwa Reuben ameuchanganya na king'ora cha gari la wagonjwa. Willis, aliyezoea kufuata ukoo wa nyimbo kwa raha, sasa aliufuata kama mtu anayefuata matone ya damu. Alimwandikia kila mmoja akimsihi aufute. Wengine walimjibu kwa picha za uso unaocheka. Mmoja alimjibu kwa upole kabisa, kwamba asikasirike, mzee, sampuli ni heshima.

Kiwandani wapakiaji walipokuwa wakitupiana mabeseni kuelekea lori, mmoja aliita idhi kanye na mwenzake akaanguka juu ya magunia. Hawakujua ni nani aliyewapa mchezo huo. Walipojua walimjia wakampiga mabega, wakampa soda, wakamwita gwiji. Aliniambia kwamba alitamani wangemtukana. Matusi aliyapata mtaani. Watu wa rika langu hawakuitikia salamu zake, na vijana wenye ulimi walimpa jina la DJ Matanga, wakilitamka kwa mahadhi ya mtangazaji wa redio kila apitapo na mkate wake wa jioni. Hedifoni akaziacha nyumbani. Jumapili mlango wake ukawa umefungwa.

Kisha mzee mmoja wa nyumba za nyuma akafa. Maiti ikaletwa uani, watu wakajipanga, macho yote kwenye mlango wa Perez, na mlango haukufunguliwa. Aliyechukua nafasi alikuwa mchungaji kijana mwenye kinanda cha umeme na vipaza sauti vya kukodi. Aliimba vizuri, sina neno juu ya sauti yake. Lakini hakujua marehemu alikuwa mwana wa nani, akamwita "mpendwa wetu" kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mzee yule akaondoka Nairobi kama mzigo usioandikwa anwani. Watu waliotawanyika kutoka pale walipita mbele ya mlango wa Willis, na kila mmoja aliutazama.

Elsie wakati huo alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imejaa maji, hatoki. Perez aliendelea kumletea uji saa za mchana, Willis akiwa kazini. Yale waliyozungumza ni yao. Lakini jioni moja nikiwa nimekwenda kumjulia hali, mwanawe amepiga magoti anampaka mafuta miguuni, Elsie alisema bila kumtazama, akitazama dari.

"Mji huu nimeukaa kama mpangaji. Sikudai kitu. Nilichongoja ni kuondoka vizuri. Umenifungia mlango wa kutokea, Willis."

Willis aliendelea kupaka mafuta. Mkono wake ulirudi mahali palepale, tena na tena, mpaka mama yake akamwambia basi, inatosha, mguu una mwenzake.

Elsie alifia hospitalini msimu wa mvua ndefu. Willis alikuja kwangu hajalia bado, akasema maneno machache tu: twende kwa Mama Perez. Tulimkuta anachagua maharagwe kwenye sinia, macho yamevimba, maana habari ilikuwa imemfikia kabla yetu. Willis alikaa kwenye kigoda cha chini kabisa kilichokuwamo.

"Mama, sikuombi kwa ajili yangu," alisema.

"Najua. Ungeniomba kwa ajili yako ningekujibu haraka."

Akamweleza alivyopanga. Siku ya kuondoka, kabla ya maiti kufika, atapita kwa kila mtu atakayekuwa uani, mkubwa na mdogo, akusanye simu zote katika beseni kubwa la kiwandani, azifungie nyumbani. Hakuna atakayerekodi. Ataanza na yake mwenyewe.

Perez alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitia pembeni. "Simu utazikusanya," alisema. "Masikio utayakusanya kwa beseni gani?"

Willis aliliokota lile jiwe.

"Nikifungua mdomo pale uani, kuna mtoto atacheka. Si kosa lake, amefundishwa kucheka hapo. Nami nikisikia kicheko nitamgeukia, na nikimgeukia nitakuwa nimemwacha Elsie njiani. Mtu haachwi njiani." Akarudi kwenye sinia. "Nendeni mkapange mambo ya gari."

Hakusema atakuja, hakusema hatakuja.

Asubuhi ya safari mvua ilikuwa imepumzika na ua umejaa matope. Willis alipita na beseni lake, suti nyeusi imembana mabegani, akasimama mbele ya kila mtu. Alipita kwa shangazi zake waliotoka nyumbani, kwa wanakwaya, kwa msimamizi wake wa kiwandani, kwa vijana walewale waliomwita DJ Matanga. Hakueleza kitu, alinyoosha beseni tu na kutazama viatu vya mtu. Wote walijua sababu. Nimeona watu wakipita na sahani ya sadaka kanisani maisha yangu yote, lakini sijaona mtu akikusanya aibu yake mwenyewe kutoka mkono hadi mkono namna ile. Kijana mmoja alianza kulalamika kwamba anangoja simu muhimu, akamtazama usoni, akaitia ndani.

Jeneza likaletwa, likawekwa juu ya viti viwili, kidirisha cha usoni kikafunguliwa. Mchungaji akaomba. Watu wakapita wakamwona Elsie. Dereva akaja mara moja kuuliza, akarudi, kisha akaja tena akasema njia ya Naivasha ina foleni. Willis alikuwa amesimama upande wa miguu, macho kwenye mlango wa Perez, na nilimwona akitikisa kichwa kumruhusu dereva, kidogo sana, kama mtu anayekubali hukumu.

Ndipo Perez akatoka. Hakukimbia na hakupiga nduru kama ilivyo ada. Alikuja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumtembelea jirani. Kwa mkono tu akatuonyesha turudi nyuma, nasi tukarudi, mchungaji naye. Akaweka viganja juu ya mbao, akainama mpaka uso wake ukaingia kwenye kile kidirisha, karibu uguse uso wa Elsie, akaanza.

Tulijua ameanza kwa sababu mgongo wake ulikuwa unakwenda. Sauti haikutufikia. Hata wanawake waliokuwa wakilia wakaacha ili wasikie, na hakuna aliyesikia neno. Binti mdogo wa Shiru alipouona mgongo wa Dani ukiyumba, alikumbuka kitu, akashika kifua, akajiangusha chali matopeni. Hakuna aliyecheka. Mama yake alimwinua haraka akamficha uso kwenye leso yake.

Willis akasogea hatua moja, kisha nyingine, kama ambavyo mtoto yeyote angesogea asikie mama yake anaambiwa nini. Mgongo wa Perez ukasimama. Hakugeuza kichwa. Alingoja tu, uso wake ukiwa umo ndani. Willis akarudi alipokuwa, Perez akaendelea kungoja. Willis akarudi nyuma zaidi, akipita katikati ya watu, mpaka akagusana na ukuta wa nyumba. Hapo mgongo ukaanza kwenda tena.

Lakini kisigino cha Perez kilikuwa kinaonekana. Kiliinuka na kushuka juu ya saruji yenye maji, na hata mimi nisiyejua muziki niliweza kuufuata wimbo kwa macho, mahali ulipokaza na mahali ulipoteremka. Willis naye alikuwa amekiona. Nilimwona anakitazama, na kidole chake cha shahada kikaanza kuitikia juu ya paja la suruali, taratibu, sawasawa na kisigino kile. Alipokitambua kidole chake alikikamata kwa mkono wa pili kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Akageuka. Mbele ya ukoo wake wote aliupa mgongo mwili wa mama yake, akaweka paji la uso kwenye ukuta, akafunga macho, akaziba masikio kwa viganja. Watu wa nyumbani wakaanza kunong'ona, kwa maana mwana haangalii ukuta mama yake anapoagwa. Mjomba wake mmoja, mzee mwenye fimbo, alianza kwenda kumgeuza. Nikamshika mkono wa koti.

"Mwache," nilimwambia. "Hiyo ndiyo adabu aliyobaki nayo."